Farasi Yule Yule

Jumapili. Theluji imemeza ngazi za jikoni.
Verlene Tveit anawasha runinga, anamimina kahawa.
Binti amerudi kutoka jiji kubwa,
viatu vyake virefu vyadidimia topeni.
"Sasa atajikwaa," asema Verlene.
Anajikwaa.
Amdake nani? Mwanamume wa kofia pana,
mgane, bila shaka, mwenye mtoto mmoja pengo,
na shamba ambalo benki inalitaka kabla ya Krismasi.

Harlan, miaka arobaini na moja mchunga ng'ombe wa Dakota,
anaguna kwenye kiti chake:
"Tandiko limefungwa vibaya.
Na kucha safi hivyo, huyo anafuga nini?"
Hajibiwi. Haondoki.

Shamba lao benki ililimega nusu,
kimya kimya, mwezi Machi.
Haukuwapo mnada wa keki wa kuliokoa.
Ndiyo maana, labda, raha ya kujua mapema:
dakika ya themanini watagombana,
ya themanini na nne, mvua,
kisha busu, na taa za mji mzima kuwaka.

"Nilikwambia."
"Hata wiki jana uliniambia,"
asema Harlan, akifuta jicho kwa kiganja,
akiulaumu moshi
wa jiko la umeme.

Saa nne usiku. Anavaa mabuti:
zizini yuko mtamba, mimba yake ya kwanza,
ndama amekaa kombo.
Verlene anamfunga skafu shingoni.
Ameifunga vibaya.
Harlan hasemi neno.