Mzinga wa Saba

Alikuja tena usiku wa kuamkia Jumanne.
Niliusikia mzinga wa tatu ukianguka mgungani,
kishindo cha gunia la mpunga
lililotupwa kutoka juu ya lori la Pawaga.
Kisha kimya.
Kisha kulamba.

Shemeji Onesfori alikuwa amezungusha seng'enge,
shina amelipaka oili chafu ya pikipiki.
"Safari hii bwana huyu atajuta."
Kulipokucha, seng'enge ilishika nywele nne nyeupe.
Nta imetafunwa, majana yameliwa kama bisi,
na harufu aliyotuachia
ilikataa kuondoka Idodi hadi Ijumaa.

Mchana nimemwona mara moja tu, kiangazi,
kwenye korongo lililobaki mchanga.
Mfupi kuliko kigoda changu,
shuka la majivu mgongoni,
anatembea kama mtu anayejua anadaiwa
na hana nia ya kulipa.

Alichimba. Akamvuta kifutu shimoni kwa kichwa.
Wakaumana.
Nyegere akapepesuka, akaanguka ubavu,
ulimi nje, nusu ya nyoka mdomoni.
Nikasema: haya, Mungu amenilipia asali yangu.
Nikakaa juu ya jiwe, nikala kiporo
nikisubiri kumchuna.
Kivuli cha jiwe kikahama, kikanifika magotini.
Akaamka.
Akapiga chafya.
Akaendelea kula pale alipoishia.

Mgimwa, askari wa hifadhi, anasimulia
simba aliyemkamata shingoni:
ngozi ile, anasema, ni koti la kuazima,
mwenyewe aligeuka humo humo ndani
akaing'ata pua iliyomshika.
Mgimwa huongeza chumvi.
Hii sikumpunguzia.

Jana alfajiri nilikutana naye njia ya mizinga,
mimi na panga, yeye na mtoto
ananing'inia mdomoni kama soksi iliyolowa.
Kumbe bwana ni mama.
Meno yake yalikuwa na kazi, hakuwa na la kunitishia.
Hakunipisha.
Alisimama, macho mawili madogo,
akangoja nikumbuke njia ni ya nani.

Nikashuka kwenye majani yenye umande.

Leo tumetundika mizinga kwa waya, juu,
mbali na shina, inabembea.
Onesfori anauliza
mbona wa saba nimeuegesha kwenye panda la chini.

Namwambia waya umekwisha.