Uzito wa Kiu

Mtaa una jina la baba, na jina limekosewa:
"Dokta A. Urkidi", kwa K, kibao kimeliwa na kutu.
Nimeandikia manispaa ya Tarija barua tatu.
Ya tatu walijibu: bajeti.

Mizani ninayo mimi, chini ya kitanda.
Aliipata kwa mnunuzi wa pamba wa Villamontes,
mwaka wa pili wa vita, kwa kutoa saa yake ya ndoa,
na mama hakumsamehe saa ile
hata alipomsamehe mengine makubwa.

Vita vyenyewe, ukiulizwa viligombea nini,
sema miiba. Chaco ni miiba na vumbi
na mbingu iliyofunga mlango.
Vijana wa nyanda za juu, wazoefu wa theluji,
waliteremshwa kwa malori, makoti ya sufu mwilini,
wakafundishwa kuogopa risasi.
Hakuna aliyewafundisha kuogopa saa nane mchana.

Baba alitumwa kukata miguu na kushona matumbo.
Akakuta maiti zisizo na tundu.
Akazigeuza, akatafuta jeraha:
midomo tu, imepasuka kama sakafu ya lambo.
Ndipo akafungua daftari.

Nambari ya kwanza, mimi mwenyewe.
Alfajiri, kilo sitini na nane.
Jioni, sitini na nne na nusu.
Maji niliyopewa, vikombe viwili.
Mkojo kama kahawa. Hasira nyingi, bila sababu.

Nambari ya thelathini na moja ni Ciriaco Choquehuanca,
mpiga zumari, miaka kumi na tisa,
aliyekunywa maji ya rejeta
kisha akamwomba dereva radhi.
Alining'inizwa kwenye ndoano ya pamba kama furushi,
akicheka, maana kamba zilimtekenya kwapani.

Kuhara kulipoingia kambini
baba alichemsha maji, akatia chumvi, akatia sukari guru,
akaonja: yasizidi chumvi ya machozi.
Hema la kwanza lilipewa hayo.
Hema la pili lilipewa maji matupu,
ili apate kulinganisha.

Hema la kwanza, wengi waliinuka.
*Si wote*, aliandika, akapiga mstari chini mara mbili.
Makao makuu yakajibu kwa simu ya maandishi:
SUKARI NI YA MAOFISA.
Akaiba sukari ya maofisa. Hilo halimo kwenye hotuba.
Hema la pili pia halimo.

Ciriaco alilala hema la pili.
Siku ya nne, kwenye safu yake,
wino umechimba karatasi hadi upande wa nyuma.

Nilikuwa na miaka saba mama yake alipokuja.
Alitembea siku ngapi sijui. Alivua kofia, hakukaa.
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza:
mwanangu alikuwa na uzito gani mwishoni?
Baba, meja, mwenye nishani mbili,
alisoma kutoka daftarini kwa sauti ya mtoto wa shule:
arobaini na moja.

Akaomba mizani.
Tulitundika gunia darini, baba akamimina viazi,
akaongeza, akapunguza kimoja kidogo,
mshale ukatulia.
Mama yule akaligeuzia gunia mgongo,
akafunga shuka kifuani kama anayebeba mtoto,
akazunguka ua wetu mara moja, polepole,
akalitua.
Viazi hakuvichukua. Hatukuvila pia.
Vilichipua pembeni mwa ukuta hadi mvua za Desemba.

Baba aliishi miaka thelathini baada ya hapo.
Alifundisha, alikohoa, alichapisha kurasa kumi na mbili
katika jarida la jeshi ambalo panya walilipenda.
Kila asubuhi alijipima, akaandika tarakimu,
hata siku aliyoshindwa kushika kalamu
akaniambia niandike mimi.

Septemba hii mabomba ya mtaa wake yamekauka tena.
Jana jirani alibisha, mtoto amelegea mikononi.
Nikachemsha maji ya ndoo. Chumvi. Sukari guru.
Nikaonja, nikamwaga, nikaanza upya:
nilikuwa nimetia chumvi nyingi mno,
au mdomo wangu ulikuwa na chumvi yake.