Mstari wa Jina, Mstari wa Siri

Usiku huu ofisi ya visima, Makutupora, ni yangu
na feni inayokwaruza kama kuku.
Naandika faili: mstari wa kwanza jina,
wa pili neno la siri,
wa tatu jina, wa nne siri,
hivyo hivyo mpaka wapimaji kumi na tisa waishe.

Seva haiwajui. Hawana kwao ndani yake,
hawana kitanda wala kigoda.
Ni majina tu, yote yamevikwa shati moja la mgeni,
na kila jina lina chumba kisicho na dirisha:
wa Hombolo asichungulie kina cha wa Chamwino,
wa Bahi aweke namba zake, afunge, aende.

Nikalifunga faili kwa kufuli la herufi.
Lile la wazi nikalifuta.
Nikajaribu kuingia. Mia tano na thelathini: hapana.
Tena. Hapana.
Saa saba usiku ndipo nikaiona:
nafasi tupu nyuma ya jina la Mazoya,
upana wa punje ya uwele.
Nikaitoa.
Mia mbili na thelathini.
Nikasema "Mbukwenyi!" kwa sauti,
na feni ikaendelea na yake.

Chibehe sikumwandika. Tulimzika Oktoba
kule Chipanga, udongo ukigoma jembe.
Lakini Jumatatu daftari la seva linasema
Chibehe amebisha, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi.
Amekataliwa.
Jumanne, dakika ile ile. Amekataliwa.
Jumatano amebisha mara nne.

Nikapiga namba ya marehemu, kidole kizito.
Sauti ya msichana: "Ndahani hapa.
Nenosiri la baba limeharibika?
Aliniachia kamba yenye mafundo sitini,
akasema shusha, vuta, hesabu makavu.
Makavu yamezidi mawili tangu arobaini yake.
Sasa nimwambie nani?"

Sikuwa na jibu la kiofisi.
Nikafungua faili upya, nikashuka hadi chini kabisa,
mstari wa thelathini na tisa:
ndahani, herufi ndogo, bila nafasi nyuma.
Wa arobaini nimeuacha mtupu.
Simu iko sikioni, vidole juu ya vitufe,
namsikia anafikiri,
na ndoo inagonga ukingo wa kisima.