Kapu la Kilo Ishirini na Tano

Sirkang, kijiji chetu cha milimani Nepali,
hatuhesabu miaka kwa namba.
Mjomba Harkaman alizaliwa mwaka wa Burma,
dada yake mwaka barua zilipotoka Malaya zikinuka utomvu wa mpira,
nami mwaka wa ile vita ya visiwani
iliyokwisha kabla hatujajua visiwa vyenyewe viko wapi.
Majeshi ya wenyewe ndiyo kalenda yetu.

Tembea uone.
Bati la kwanza kijijini: mguu wa kushoto wa koplo.
Bomba la maji: miaka kumi na mitano ya doria.
Mbwa wa Lalsari anaitwa Sajini, huitikia saluti kwa mkia.
Wazee wakigombea mpaka wa shamba
hutukanana kwa Kiingereza cha gwaride,
lugha wasiyoweza kuombea chumvi.
Binti akiposwa, bibi yake haulizi ukoo.
Huuliza, "Kikosi gani?"

Hata kimya chetu kina cheo.
Baba alirudi na medali nne na usingizi wa dakika arobaini.
Hakusimulia. Alikunja blanketi, pembe kwa pembe,
akakunja mashati, akakunja magazeti,
akaikunja siku nzima na kuiweka kando.
Siku ya pensheni alivaa tai, akavuka mabonde mawili,
akarudi jioni na noti mpya
ambazo mama alizipokea kwa mikono miwili,
kama apokeaye rambirambi.

Mimi nilipimwa nikiwa na miaka kumi na tisa.
Mlima niliumudu.
Nikavuta pumzi yote ya bonde lile, na utepe
ukasema kifua kimepungua sentimita mbili.
Sentimita mbili!
Upana wa kidole gumba.
Nilirudi usiku, wasinione.
Sasa nafundisha historia darasa la sita.
Nachora ubaoni mishale ya majeshi, huku na huku,
na chaki hukatika kila nifikapo Burma.

Mwaka huu ni zamu ya Tekendra, mpwa wangu.
Alfajiri anajitwika kapu,
mkanda ukimkata paji la uso,
mchanga kilo ishirini na tano, kilomita tano za kupanda,
nami kule juu nasubiri na saa ya shule.
Dakika hamsini na nne.
Hamsini na mbili.
Hamsini na mbili tena, wiki nzima.
"Mjomba," akasema, akihema, "mbona kapu linazidi uzito
kadiri ninavyozidi nguvu?"

Tukalipima dukani, kwenye mizani ya viazi.
Kilo thelathini na moja.
Chini ya mchanga, mawe sita ya mtoni,
kila moja limeviringishwa kitambaa lisigonge mwenziwe,
kitambaa cha shali ninayoijua,
iliyonibeba mgongoni.

Nilimkuta mama mekoni akisonga ulezi.
Sikuuliza. Mwiko haukusimama.
"Wewe ulikuwa rahisi," akasema, macho chunguni.
"Nilikupunguzia unga miezi minne tu."

Miaka ishirini na mitatu nimekichukia kifua changu.
Nilikaa pale kwenye kigoda nikaulizwa kama nataka mchuzi.
Nikasema ndiyo.
Nikala hadi kikoko.

Kesho yake kapu lilikuwa la halali.
Tekendra aliupanda mlima kama anayeshuka,
maana mawe yale, maskini mama,
ndiyo yaliyomfunza.
Nilimwona akitokeza kwenye kona ya mwisho, anacheka,
shingo imetuna kama ya babu yake katika picha ya ukutani.
Saa ilikuwa kiganjani mwangu.
Mstari akauvuka.
Na kidole gumba, chenye upana wa sentimita mbili,
kikachelewa kubonyeza, kikachelewa,
kikachelewa tena;
nilipotazama, bado ilikuwa arobaini na moja.