Trei ya Mayai

Mwezi wa kwanza niliwafundisha kwa fimbo,
si ya kuchapa, ya kuonyesha ubaoni:
moja, mbili, tatu, mpaka ishirini,
wakaitika kwa sauti ya kuezua bati,
hata mama muuza karanga nje ya uzio
akajikuta anahesabu nao.
Nikajisifu moyoni.
Kisha nikamwambia Chilewa, bingwa wa kelele,
"Nipe mawe matatu."
Akachota, akanijaza viganja viwili.

Tatu aliijua.
Aliijua kama jina la mjomba aliyeko mbali
ambaye hajawahi kupeana naye mkono.

Saa nne, wakati wa uji, nikamwona Mbeleje na wenzake
wamechimba kishimo nyuma ya choo, kwenye kivuli chembamba,
wanacheza mdako.
Kijiwe juu, mkono shimoni, mawe nje kwa mkupuo;
kijiwe juu, yote ndani, limebaki moja.
Kisha mawili mawili. Kisha matatu.
Hakuna aliyehesabu kwa mdomo.
Mbeleje, miaka mitano, kamasi zinamning'inia,
aliyaona manne kama unavyouona uso wa shangazi yako:
huhesabu kwanza macho na pua
ndipo umwamkie.
"Umeficha moja!" wakamdai. Akafumbua kiganja.
Wakabishana, na ubishi ule, jamani,
ulikuwa hesabu ya kutoa.

Nikavua viatu, nikaomba zamu.
Nikafia kwenye mawili mawili.
Walicheka mpaka uji ukamwagika.

Toka siku hiyo ubao unapumzika.
Tuna vizibo vya soda, tuna mbegu za ubuyu,
na msimu wa zabibu hapa Handali
tunaletewa vichala alivyovikataa mnunuzi;
tunagawana sawa kwa sawa,
na ile inayobaki ndiyo inayoleta ugomvi,
na ugomvi ndio unaoleta somo.
Afisa elimu kata alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi:
"Mbona kimya? Hawa hawahesabu?"
Nikamwonyesha sakafuni.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Mlangoni pana kopo la mawe na trei ya mayai,
matundu thelathini, nao ni thelathini,
bahati ya mwalimu wa awali.
Kila anayeingia hutia lake:
jiwe moja, tundu moja, mtoto mmoja.

Jumatatu moja tundu likabaki wazi.
Wakatazamana, wakajigusa vichwa.
"Ndahani," akasema Nyemo. "Wamehamisha ng'ombe, wamekwenda Bahi,
huku hakuna maji."
"Ishirini na tisa," akasema Chilewa,
taratibu, kama mtu anayetoa pole.
Sikuwa nimemfundisha kurudi nyuma.

Wiki ya tatu nilitaka kuyasogeza mawe
trei ikae vizuri.
Mbeleje akaniwekea mkono.
"Hapo pa Ndahani, Mwalimu."
"Pana nini hapo?"
Akachungulia tundu, akafikiri.
"Hapana kitu," akasema. "Lakini tumekihesabu."

Sifuri nilikuwa nimeipanga mwezi wa sita.
Nimeifuta kwenye andalio la somo.
Trei iko pale pale mlangoni,
na asubuhi, kabla hawajafika,
huwa nalipuliza vumbi
lile tundu.