Kelele

Cardiff, Jumanne, mvua ya rasharasha.
Gethin amenikalisha kwenye kiti kama cha daktari wa meno,
kidevu juu ya sponji, taa zote zimezimwa.
"Usiongee, usitikisike. Dakika tano tu."
Mbele yangu jicho lisilo na kope,
na vitaa vyenye mwanga nisiouona.

Hanigusi. Ndiyo kazi yake: kutonigusa.
Hakuna klipu kidoleni, hakuna gundi kifuani,
wala ule mpira unaobana mkono.
Kila moyo unapopiga, asema, damu hupanda usoni
na ngozi hubadilika, kidogo mno,
kama tone la maziwa katika sufuria ya chai ya harusi.
Mashine hulidaka tone lile.

Wiki iliyopita alikuwa na kamera nyingine, ya mwanga wa kawaida.
Ilimsoma vizuri Bronwen wa zamu ya mchana,
mimi ikaniandikia sufuri.
Nikasema: basi nipe cheti cha kifo, Gethin,
nipumzike na zamu za usiku.
Bronwen akaangua kicheko. Gethin masikio yakamwiva —
moyo wake ningeuhesabu mimi, bila mtambo —
na leo kaleta hii ya infraredi.

Sabini na mbili. Sabini na moja. Sabini na mbili.
Kumbe nipo.

Nikajituliza kama nilivyoagizwa. Na katika utulivu ule
akaja Mzee Pugh wa chumba cha sita,
Jumamosi, saa kumi alfajiri,
nimemshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili,
nahesabu, nahesabu, bado yupo, nahesabu,
mpaka nesi akaniambia kwa upole: Zamda,
hayo ni mapigo ya vidole vyako.

Themanini na nane. Tisini na tano.
"Umesogea?"
"Sijasogea."
Akainamia skrini, akatafuta pale mstari uliporuka,
akakikata kile kipande, na kando yake
akaandika neno moja: kelele.

Nikatia sahihi, nikapewa vocha ya pauni kumi.
Kituoni, basi la kwenda Splott limechelewa.
Tumejipanga chini ya kibanda, kola juu,
hakuna anayemgusa mwenziwe,
na kila paji la uso linabisha hodi.