Matroni

Mama aliuliza kwa simu, mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza:
"Unasomea nini hasa huko?"
Nikasema, uzamili, huduma kwa wanafunzi.
Kimya. Kisha mlio wa sufuria ikitua sakafuni.
"Kwani wanafunzi nao husomewa?"
Nikaanza kueleza: makuzi ya vijana, ushauri,
haki ya mshtaki na ya mshtakiwa, sera za bweni —
akanikata. "Aa. Matroni."

Nilicheka, ila neno lilinichoma.
Matroni niliyemjua mimi ni Bi Sikudhani,
kanga kiunoni, tochi mkononi, kandambili zisizo na sauti,
aliyejua nani analia chini ya blanketi
na nani anatafuna mkate wa wizi,
na wote wawili aliwaambia neno moja:
"Lala."

Sasa niko Kalamazoo, Michigan.
Theluji imefika kwenye usukani wa baiskeli,
nalala na simu ya zamu kifuani kama hirizi.
Mchana, Daktari Vanderploeg huchora duara ubaoni,
mwanafunzi katikati, dunia ikimzunguka,
nasi tisa tunalijadili duara hadi kahawa inapoa.
Usiku duara hunigongea mlango
likiwa limevaa soksi moja.

Februari, saa nane za usiku, king'ora.
Bisi. Daima ni bisi.
Watu mia mbili nje, mablanketi begani,
Marisela kampakata samaki wake kwenye bakuli,
zimamoto wanapanda bila haraka
kama wageni wanaoijua pilau ya nyumba hii.
Aliyeunguza hakujificha: Everett Pruitt, chumba 317.
Wote waliporudi alibaki ngazini,
mfuko mweusi wa bisi magotini.
Alizisahau, alisema, akisoma ujumbe:
kiwanda cha karatasi kimefungwa,
baba karudi nyumbani na sanduku la spana.
"Kesho naondoka."

Nilikuwa na nadharia saba, zote nimezipatia A.
Haikuja hata moja.
Ilikuja treni ya mizigo, ile inayoupasua mji,
nikajikuta nahesabu mabehewa kwa sauti, kwa Kiswahili,
sijui kwa nini.
Kwenye thelathini na nne akauliza,
thelathini ndiyo ipi?
Tulifika mia moja na sita.
Nikamwambia, "Lala. Kesho tutaona,"
nikashtuka: sauti haikuwa yangu.

Fomu ya tukio hutaka ukweli mtupu, bila hisia.
Moshi, nikaandika. Hakuna majeruhi.

Tulikwenda ofisi ya misaada ya fedha mara tatu.
Machi aliondoka hata hivyo,
ufunguo kwenye bahasha, chumba kimefagiliwa.
Katika tafakuri ya wiki niliandika, "Sikumsaidia."
Ikarudi na penseli ya Daktari pembeni:
"Unajuaje?"

Mwaka wa pili ulikimbia.
Wendell kapata kazi Oregon.
Utafiti wa Ji-woo, juu ya wanafunzi wanaolala magarini,
ulisomwa mkutanoni mbele ya watu sita,
wawili wao wakisubiri kikao kinachofuata;
tulipiga makofi mpaka ukumbi wa jirani ukachungulia.
Mimi nilipewa cheti cha msaidizi bora,
Mwanaidi imekuwa Mwanadi,
herufi imedondoka mahali fulani kati ya dekani na mashine.
Nimekitundika hivyo hivyo.

Wiki ya mahafali, Bwana Ostrowski wa usafi
aliniletea kifurushi kilichoachwa mapokezi.
Muhuri wa posta haukusomeka.
Ndani, pakiti ya bisi, mbichi,
na juu yake kwa kalamu ya wino mzito:
SELASINI NA NNE.

Usiku ule nikampigia mama, joho bado mwilini.
"Haya, umekuwa nani sasa?"
"Matroni, mama."
Akacheka, akakohoa, akasema kamwona Bi Sikudhani sokoni,
kastaafu, magoti yamemgomea,
lakini kila saa nane za usiku bado huamka,
hukaa kitandani, husikiliza.

Husikiliza nini? niliuliza,
ingawa simu ya zamu, niliyokwisha kuirudisha,
bado ilikuwa ikinilemea kifuani.